Tawi la 22: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chama cha wafanyakazi wa tumbaku wa Winston-Salem

Nimekulia Urambo, kati ya mashamba ya tumbaku na mabani ya kuikaushia. Anayejua kazi ile anajua namna utomvu wa jani unavyoganda mikononi ukawa mweusi kama lami, na namna sabuni inavyoshindwa kuutoa. Ndiyo maana niliposoma kwa mara ya kwanza habari za wanawake wa Winston-Salem, niliwaelewa kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza. Tangu hapo nimekuwa nikiwasimulia watu, na maswali yanayorudi ni yaleyale. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu.

Tawi la 22 lilikuwa nini hasa?

Lilikuwa tawi la chama cha wafanyakazi katika viwanda vya kampuni ya R.J. Reynolds, mjini Winston-Salem, jimbo la North Carolina, kusini mwa Marekani. Reynolds ilianza shughuli zake hapo mwaka 1875, na sigara yake ya Camel, iliyotoka mwaka 1913, ndiyo iliyoujenga mji ule. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kampuni ilikuwa na wafanyakazi wa viwandani wapatao 12,000, na theluthi mbili yao walikuwa Wamarekani Weusi. Wengi wa hao Weusi walikuwa wanawake.

Chama mama kilikuwa na jina refu, United Cannery, Agricultural, Packing and Allied Workers of America, na kila mtu alikiita UCAPAWA. Mwaka 1944 kikabadili jina na kujulikana kwa kifupi kama FTA. Kilikuwa ndani ya shirikisho la CIO, lililokusanya wafanyakazi wa kiwanda kizima bila kuwagawa kwa ufundi wao. Tawi la 22 liliishi miaka saba tu, kuanzia 1943 hadi 1950.

Kazi ya kiwandani ilikuwaje?

Tumbaku ikishakauka na kuuzwa, jani lina uti mgumu katikati. Uti huo hauwezi kuingia kwenye sigara ukiwa mzima, kwa hiyo lazima ung'olewe. Kazi hiyo ya kuchambua jani ndiyo waliyopewa wanawake Weusi. Walisimama kwa safu kwenye mashine, wakilisha majani mkono kwa mkono, siku nzima. Ukumbi ulikuwa na joto na unyevu, kwa sababu jani kavu likikosa unyevu linavunjikavunjika, na hewa ilikuwa imejaa vumbi la tumbaku. Vumbi hilo hukaa kwenye nywele, kwenye nguo, kwenye koo. Wanaume Weusi walisukuma mikokoteni ya majani na kubeba mizigo mizito. Wazungu walikuwa upande wa pili, kwenye mashine za kutengeneza na kufungasha sigara, ambako kulikuwa kusafi zaidi na mshahara ulikuwa mkubwa zaidi.

Kila ukumbi ulikuwa na nyapara wake, mzungu. Yeye ndiye aliyeamua nani aende msalani na kwa muda gani, nani arudishwe nyumbani, nani aachishwe kazi. Hapakuwa na ngazi ya juu yake ambako mtu angepeleka malalamiko. Na mwanamke mtu mzima, mwenye watoto na wajukuu, aliitwa "msichana". Katika kumbukumbu walizoacha wafanyakazi wale, habari ya heshima inatajwa sambamba na habari ya mshahara, na mara nyingine inatangulia. Nadhani mtu asipolielewa hilo hataelewa kitu kingine chochote kuhusu Tawi la 22.

Je, hapakuwa na chama kingine kabla ya hapo?

Kilikuwapo. Tobacco Workers International Union, yaani TWIU, kiliasisiwa mwaka 1895 mjini St. Louis. Kiliingia Reynolds mwaka 1919 na kupata mkataba, lakini Weusi na Wazungu waliwekwa kwenye matawi tofauti, na mambo ya uchumi yalipoharibika miaka miwili baadaye kampuni ikakitupa nje. Chama hicho kilikuwa na udhaifu wa ajabu: kati ya mwaka 1900 na 1939 hakikuitisha mkutano mkuu hata mmoja. Kilitegemea zaidi makubaliano na wenye viwanda kuhusu nembo yake ya chama kwenye pakiti kuliko nguvu ya wanachama wake. Wafanyakazi Weusi wa Winston-Salem walikikumbuka, na hawakukikumbuka kwa wema.

Nini kilitokea tarehe 17 Juni 1943?

Ilikuwa Alhamisi. Katika kiwanda namba 65 kulikuwa na mama mmoja mjane aliyekuwa mgonjwa, na kazi ikamrundikia. Nyapara akamwambia kwamba asipoiwahi, mlango uko wazi. Wenzake wakasikia. Theodosia Simpson, dada kijana aliyekuwa akifanya kazi kwenye ukumbi huo na ambaye tayari alikuwa kwenye kamati ya siri ya kuandaa chama, akazungumza na wenzake wachache. Wakakubaliana kwamba ishara ya kuanza kazi ikitolewa hakuna atakayegusa jani.

Ishara ikatolewa. Wanawake wakazigeuzia mashine migongo.

Wakati nyapara akihangaika kuwarudisha, mwanamume mmoja aliyekuwa akiwaletea majani, James McCardell, akasema kwamba na yeye yuko pamoja nao. Muda mfupi baadaye akaanguka sakafuni, akafa. Alikuwa akijisikia vibaya kwa siku kadhaa, na wenzake walijua kwamba alikwenda kwa muuguzi wa kiwanda akarudishwa kazini. Habari ikakimbia kutoka ghorofa hadi ghorofa, kisha kutoka kiwanda hadi kiwanda. Ndani ya siku moja au mbili maelfu walikuwa wameacha kazi, na usiku watu wakajaa kwenye mikutano ya hadhara kujaza fomu za uanachama.

Siku ileile makamu wa rais wa kampuni, John C. Whitaker, alifika ukumbini kuzungumza na wanawake wale. Aliwaambia angependa kuwaongeza mshahara, lakini serikali imefunga mishahara kwa sababu ya vita. Kulikuwa kweli na kanuni hiyo, iliyojulikana kama kanuni ya Little Steel. Theodosia Simpson akamjibu kwamba kanuni hiyo inaruhusu nyongeza ya hadi asilimia 15 juu ya mishahara ya Januari 1941. Fikiria mandhari hiyo: bosi mkubwa wa kampuni kubwa kuliko zote mjini, na mchambuaji wa majani aliyevaa aproni yenye vumbi, akimsahihisha kuhusu sheria ya nchi mbele ya wenzake wote. Mimi naamini mgomo ulishinda dakika ile.

Kwa nini kampuni haikuwafukuza wote?

Kwa sababu ya vita. Vijana walikuwa jeshini, viwanda vya silaha vilikuwa vinanyakua kila mwenye mikono, na sigara zilihesabiwa kama mahitaji ya askari. Watu 10,000 wa kuziba pengo wangepatikana wapi? Aidha, tangu 1935 kulikuwa na sheria ya taifa iliyowapa wafanyakazi haki ya kujiunga na chama wanachokitaka na kupiga kura ya siri kukichagua. Kampuni ilijaribu kuanzisha chama chake cha ndani, na kura zikarudiwa, lakini mwezi Desemba 1943 UCAPAWA kilishinda kwa takriban kura mbili dhidi ya moja.

Mkataba ulibadilisha nini?

Mkataba wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1944. Mishahara ilipanda, na bodi ya serikali iliyosimamia kazi wakati wa vita iliamuru kampuni ilipe malimbikizo, ambayo kwa jumla yalizidi dola milioni moja. Kwa familia iliyokuwa ikikopa unga dukani, fedha hizo zilikuwa mlango wa kununua kiwanja au kulipa deni la nyumba.

Lakini ukiniuliza mimi, jambo kubwa zaidi lilikuwa wawakilishi wa idara. Kila ukumbi ulichagua mtu wake. Nyapara akimwonea mtu, mwakilishi alikwenda naye moja kwa moja hadi kwenye meza yake, na shauri lisipomalizwa hapo linapanda ngazi kwa maandishi. Ilimaanisha kwamba mwanamke Mweusi ana haki, kwa mkataba, ya kumwambia msimamizi mzungu kwamba amekosea, kisha kesho yake akarudi kazini salama. Hapo kusini, wakati ule, hapakuwa na mahali pengine popote ambapo angeweza kufanya hivyo. Si barabarani, si mahakamani, si kwenye basi.

Ni nani waliokuwa viongozi?

Theodosia Simpson nimeshamtaja. Velma Hopkins alijulikana kwa uwezo wake wa kuwatoa watu barabarani kwa maelfu. Robert Black alitoka kiwanda namba 64 na kuwa mmoja wa wenyeviti wa tawi. Ruby Jones, Viola Brown na wengine walizoea kuongoza kanisani na kwenye vikundi vya kufa na kuzikana, na ujuzi huo wakauhamishia chamani. Mikutano ilifunguliwa kwa sala na nyimbo. Jengo la chama lilikuwa na maktaba, na watu walisoma humo vitabu ambavyo maktaba ya mji isingewapa.

Moranda Smith anastahili nafasi yake. Alizaliwa mwaka 1915 katika familia ya wakulima wa nusu kwa nusu huko South Carolina, akahamia Winston-Salem akiwa mtoto. Alianza kama mwalimu wa elimu ya wanachama, na baadaye akawa mkurugenzi wa FTA kwa kanda ya kusini. Wanahistoria wanamtaja kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kushika wadhifa wa namna hiyo kusini kwa niaba ya chama cha taifa. Mwaka 1947 alisimama mbele ya mkutano mkuu wa CIO mjini Boston akaeleza hali ya Weusi wa kusini. Alisafiri kwenye majimbo ambamo maisha yake yalikuwa hatarini kila siku. Alifariki Aprili 1950, akiwa na umri wa miaka 34.

Chama kilihusika vipi na haki ya kupiga kura?

Hapa ndipo Tawi la 22 linapotofautiana na vyama vingi vya wakati wake. North Carolina iliwanyima Weusi kura kwa mtihani wa kusoma, ambao ofisa mzungu ndiye aliyekuwa akiamua nani amefaulu. Chama kikafungua madarasa ya jioni. Mtu aliyeacha shule darasa la tatu ili akachambue tumbaku alifundishwa kusoma na kueleza vifungu vya katiba, kisha akasindikizwa kwenda kujiandikisha. Maelfu walijiandikisha. Chama cha kutetea haki cha NAACP, ambacho mwaka 1942 kilikuwa na wanachama wa kuhesabu kwa vidole mjini hapo, kufikia 1946 kilikuwa na takriban 2,000 na kuwa kikubwa kuliko matawi yote ya jimbo.

Matokeo yalionekana mwaka 1947. Mchungaji na mwalimu Kenneth R. Williams alichaguliwa diwani wa Winston-Salem, Mweusi wa kwanza kusini katika karne ya 20 kumshinda mgombea mzungu kwenye sanduku la kura. Hiyo ilikuwa miaka minane kabla ya Rosa Parks, mwanamke Mweusi, kukataa kusimama ili kumpisha mzungu ndani ya basi la Montgomery. Watu huzoea kuanza kuhesabu harakati za haki za Weusi kuanzia siku hiyo ya basi. Mimi huanza na ile Alhamisi ya wachambuaji.

Wafanyakazi wazungu walikuwa upande gani?

Waliojiunga walikuwa wachache mno. Viongozi wa tawi walijaribu, na wapo wazungu waliothubutu na kulipia gharama yake kwa kutengwa na majirani. Lakini nyongeza ya mshahara iliyopiganiwa na Weusi iliwafikia na wazungu bila wao kulipa ada, na kampuni ilihakikisha kwamba hawaisahau tofauti kati ya upande wao na upande wa pili. Ukuta huo ulikuja kuwa na maana kubwa mwaka 1950.

Ni kweli kilikuwa chama cha wakomunisti?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, ingawa hakuna haja ya kunong'ona. Baadhi ya viongozi wa FTA na wa tawi walikuwa wanachama wa Chama cha Kikomunisti, ndiyo. Wenyewe walieleza kwamba katika North Carolina ya miaka ya 1940 walikuwa wazungu wachache sana waliokubali kukaa nao meza moja, kula nao na kuwaita "Bibi" na "Bwana", na wengi kati ya hao wachache walikuwa wakomunisti. Walio wengi kati ya maelfu ya wanachama hawakuwa wakomunisti. Walikuwa Wabaptisti na Wamethodisti waliotaka mshahara na heshima.

Tarehe 1 Mei 1947 mkataba ulipokwama, Tawi la 22 liliitisha mgomo. Ulidumu siku 38. Mgomo ukiendelea, gazeti la mji lilichapisha kwa herufi kubwa habari za ushirika wa chama na wakomunisti, na mwezi Julai kamati ya Bunge la Marekani ikawaita watu Washington kuhojiwa. Mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya Taft-Hartley licha ya Rais Truman kuikataa. Ilimtaka kila kiongozi wa chama cha wafanyakazi aape kwa maandishi kuwa si mkomunisti, vinginevyo chama chake kisingepata ulinzi wa bodi ya kazi. FTA ilikataa kwa muda mrefu. North Carolina nayo ikatunga sheria mwaka 1947 ya kuzuia mkataba wowote unaomlazimu mfanyakazi kuwa mwanachama. Mwanamuziki Paul Robeson alikuja Winston-Salem mwaka huo kuwaimbia na kuwatia moyo, na watu walijaa. Lakini mkataba ulipokwisha mwaka 1948, kampuni haikukaa tena mezani na Tawi la 22.

Mashine zilichangia kuanguka kwake?

Sana, na jambo hili husahauliwa kwa sababu habari za ukomunisti zina kelele zaidi. Baada ya vita Reynolds ilileta mashine mpya za kuchambua majani. Kila mashine ilipofungwa, safu ya wanawake iliondoka, na ukumbi uliokuwa ngome ya chama ulipungua watu. Mtu aliyepunguzwa kazi hapigi kura ya chama. Na vijana waliorudi kutoka vitani walikuta idara za Weusi hazina nafasi, ilhali zile za wazungu zinaendelea kuajiri.

Kura ya 1950 iliisha vipi?

Mwanzoni mwa 1950 CIO ilikifukuza FTA kwa madai ya kufuata wakomunisti. Mwezi Machi wafanyakazi wa Reynolds wakapiga kura wakiwa na chaguo nne: Tawi la 22, TWIU cha zamani, chama kipya kilicholetwa na CIO, na "hakuna chama". Duru ya kwanza hakuna aliyevuka nusu. Duru ya pili ikabaki kati ya Tawi la 22 na "hakuna chama". Kura zilipohesabiwa, Tawi la 22 lilikuwa mbele kwa kura chache mno. Kisha zikafunguliwa kura zilizokuwa zimepingwa, nyingi zikiwa za wasimamizi wadogo, wazungu, na bodi ikaamua zihesabiwe. Matokeo yakageuka. Kati ya watu zaidi ya 8,000 waliopiga kura, tofauti haikufika mia moja.

Nimelifikiria sana jambo hili. Baada ya miaka mitatu ya magazeti, mahojiano, sheria mpya, mashine na kutimuliwa na shirikisho lao wenyewe, karibu nusu ya waliopiga kura, wengi wao wakiwa wafanyakazi Weusi waliobaki, bado walisimama na chama kile. Viwanda vya Reynolds mjini hapo havikupata chama tena.

Wimbo wa "We Shall Overcome" una uhusiano gani na tumbaku?

Wimbo huo, uliokuja kuwa wimbo wa harakati za haki za Weusi, unatoka kwa dada za wachambuaji wa Winston-Salem, wa chama hichohicho cha FTA. Mwezi Oktoba 1945 wafanyakazi wa kiwanda cha sigari cha American Tobacco mjini Charleston, South Carolina, waligoma. Wengi wao walikuwa wanawake Weusi, na waligoma hadi Aprili 1946, wakipokezana zamu mbele ya lango wakati wote wa baridi. Jioni, zamu ikimalizika, Lucille Simmons alianzisha wimbo wa zamani wa kanisani, polepole sana, na wenzake wakaitikia. Maneno ya kanisani yalisema "mimi nitashinda". Langoni yakawa "sisi tutashinda". Baadhi ya wagomaji waliupeleka kwenye shule ya Highlander huko Tennessee, ambako Zilphia Horton alijifunza na kuwafundisha wengine, akiwemo mwimbaji Pete Seeger.

Tumbaku yetu ya Tabora inahusiana vipi na ya kule?

Ni mmea uleule. Tumbaku ya mvuke, ile tunayoiita Virginia, hukaushwa kwa namna iliyoanzia mpakani mwa Virginia na North Carolina katika karne ya 19. Husimuliwa kwamba mwaka 1839, katika wilaya ya Caswell, mtumwa kijana aliyeitwa Stephen alisinzia akilinda bani, moto ukafifia, na aliposhtuka akatupia mkaa wenye joto kali. Majani yakatoka ya manjano kama dhahabu. Urambo iliipokea tumbaku hiyo baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kushindwa. Na kazi ya kuchambua jani kutoka kwenye uti inafanyika leo kwenye viwanda vya Morogoro, kwa mashine, na vibarua wengi wanaoajiriwa kwa msimu ni wanawake.

Leo kuna nini mahali pale?

Kiwanda namba 64, alikotoka Robert Black, kimegeuzwa nyumba za kupangisha, na eneo linalokizunguka ni maabara na ofisi. Mwaka 2013 jimbo liliweka kibao cha historia mjini Winston-Salem. Kinataja mgomo wa wafanyakazi wa majani, wengi wao wakiwa Weusi na wanawake, na tarehe yake, 17 Juni 1943. Baadhi ya waliogeuza migongo siku ile waliishi miaka mingi sana bila kuona jina la chama chao likiandikwa popote mjini. Watoto na wajukuu wao ndio waliosimama chini ya kibao kile kilipofunuliwa.